Felomena na Sentimita Nne

Felomena wa sokoni Ruangwa ni fundi cherehani, na mafundi wetu mnawajua: wanapima upande mmoja tu. Anakuzungushia futi kamba, anakushika bega la kulia, basi. Kitambaa anakikunja mara mbili, anakata kwa pamoja, na upande wa pili unajitokea wenyewe. Kwa miaka ishirini na sita amewashonea hivyo walimu, mabwana shamba na akina mama wanaoshuka kwenye bodaboda kutoka Mbekenyera wakiwa na pesa ya ufuta. Hakuna aliyerudisha gauni.

Gauni lililomshinda lilikuwa lake mwenyewe.

Miaka miwili kabla alikuwa ameugua saratani ya titi la kushoto. Huko Dar es Salaam walitoa uvimbe na nyama iliyouzunguka, titi wakaliacha, na shimo wakaliziba kwa nyama waliyoivuta kutoka ubavuni. Ikafuata mionzi, wiki tano nzima. Akapona. Ndugu zake wa Lionja wakamchinjia mbuzi, na kila mtu akajua mambo yameisha. Kumbe mionzi bado ilikuwa inafanya yake, polepole: titi likakakamaa, likajivuta juu kuelekea kwapani. Naye, kwa mazoea, akajikatia gauni la Pasaka kitambaa kikiwa kimekunjwa. Alipolivaa, shingo ilienda upande na vifungo vyote vikapinda. Akalivua, akakaa kitandani, akalia sana. Kisha akanawa uso na kuchukua futi kamba.

"Mbona mimi sijalalamika?" alisema Bernardo, mumewe, kwa nia njema kabisa.

"Wewe hujaulizwa," Felomena akamjibu. Bernardo akaenda zake kuangalia mikorosho.

Mwezi wa sita ikafika zamu yake ya kurudi kliniki kulekule Dar es Salaam. Daktari Dickson, kijana mpole ila mwenye haraka, alitazama picha walizompiga mwaka uliopita, akaanza kujaza fomu. Palikuwa na mstari wa mwonekano wa titi: nzuri sana, nzuri, wastani, mbaya. Akaweka tiki kwenye nzuri sana.

"Hiyo alama kaitoa nani?" Felomena akauliza.

"Sisi, mama. Tumeridhika sana na kazi."

"Nyie mmeridhika. Mimi hamjaniuliza."

Daktari akatabasamu, akamwambia ashukuru, maana wapo wanaoondolewa titi lote. Tena kwa umri wa miaka hamsini na mbili, aliongeza, cha muhimu ni uzima. Hapo Felomena akachukia waziwazi. Kushukuru alikuwa anashukuru kila siku, tena kwa magoti, na hakuhitaji kufundishwa na mtu wa umri wa mwanawe. Akafungua mkoba, akatoa futi kamba, akampa nesi Zulfa aliyekuwa amesimama pembeni.

"Nipime, mwanangu. Anzia hapa chini ya koo mpaka kwenye chuchu. Kulia kwanza, halafu kushoto. Usiishie upande mmoja kama mimi."

Zulfa akapima, akasita, akarudia. "Ishirini na tano," alisema. "Huku ishirini na moja."

Daktari akaiweka kalamu mezani. "Unataka tufanye nini, mama?"

"Mlipunguze hili zima, mlipandishe, lilingane na mwenzake. Sidai usichana. Lakini kila asubuhi nikivaa, ugonjwa ndio unaotangulia kunisalimia, na mimi nimeshapona. Nimechoka nao."

Daktari hakumficha kitu. Kutakuwa na kovu jingine na maumivu mengine, foleni itafika mwakani, na hata hivyo matiti hayatalingana kabisa.

"Yatapishana kiasi gani?"

"Labda sentimita moja."

Felomena akawaza kama anavyowaza mbele ya kitambaa cha mteja kabla hajashika mkasi.

"Moja naipokea," akasema. "Niandike."

Daktari akaliandika jina lake kwenye orodha. Kisha akairudia ile fomu, akafuta tiki yake, na kumsogezea karatasi pamoja na kalamu. "Weka mwenyewe," alisema.

Felomena akavaa miwani, akasoma maneno yote manne mara mbili, akaweka tiki kwenye wastani. Mbaya hakuigusa. Hawa nao ni mafundi, na kazi waliifanya. Ilikuwa imebaki kurekebisha.