Duka la Kaka Lilipofungwa Durban

Niliondoka Tanga, ninakouza mapazia sokoni, kwa sababu kaka yangu Hamisi, mwenye duka la simu Durban, alinisihi nikanunue mapazia ya jumla kwa Wachina wa kule. Kusema kweli, nilitaka pia kuona wanatushindaje kila mahali.

Baada ya siku kadhaa za basi nilifika mtaa wa Point, nikamkuta Hamisi nje ya duka. Mlangoni palikuwa pamebandikwa karatasi ya wakaguzi wa majengo: jengo halina njia ya dharura. Duka la jirani katika jengo hilohilo, la Bi Mei, Mchina muuza mapazia, nalo lilikuwa limefungwa.

Kesho yake saa nne asubuhi walikuja watu watatu wa chama cha wafanyabiashara Wachina, mmoja mwanasheria. Walikuja na diwani! Nikaona wivu.

"Wewe diwani unamjua?" nilimuuliza Hamisi.

"Kwa picha za kampeni tu, dada."

Mkongo mwenye saluni ng'ambo ya barabara, Maman Béa, akacheka. "Bale Wachina iko na chama, dada, ma sœur. Sisi iko na maneno tu."

Mchana nilimwendea Bi Mei, Hamisi akitafsiri. Nilimuuliza siri yao ni nini.

"Bibi yangu alizaliwa hapa, akazeeka bila haki ya kupiga kura, enzi za ubaguzi," alisema. "Tulilazimika kusimamiana. Waliokuja juzi kutoka China tunagombana nao kila kikao. Lakini kikaoni wanakuja."

Jumapili Hamisi aliwaita Watanzania wenzake kikaoni mtaa wa Berea, waunde chama chao. Walikuja wanne, na wawili wakagombania uenyekiti mpaka chai ikapoa.

Wiki iliyofuata mwenye jengo alitoboa mlango wa nyuma, maduka yote mawili yakafunguliwa. Ndipo tukajua kuwa Bi Mei alimwambia mwanasheria aliandike na jina la Hamisi katika barua yao kwa mwenye jengo. Hamisi alimshika Bi Mei mikono yote miwili akimshukuru. Mimi nilisimama kando nikiwaonea wivu hata wema wao. Asante yangu ilitoka nilipokuwa nimeshapanda teksi ya kwenda stendi.

Njiani kurudi niliyatazama mapazia niliyonunua, nikaona kuwa sikuwa nikitamani mali zao. Nilitamani kuwa mtu ambaye duka lake likifungwa, wenzake wanatokea.

Tanga, Jumamosi ya kwanza, nilikwenda kwenye kikao cha wanawake wa soko letu, nilichokuwa nikikikwepa kwa miaka.

"Leo umeletwa na nini?" mwenyekiti aliniuliza.

"Wivu," nikamjibu, nikavuta kiti.