Sebule yetu Temeke ilivyopata familia ya kwenye TV, na mama akamfundisha muigizaji kunyamaza

Wakuu, salamu kwenu nyote. Hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nalitua hapa kama lilivyokuwa. Sina haja ya kuongeza chumvi, wengine humu kipindi chenyewe mmekiona, jina tu ndiyo nalihifadhi.

Nyumba yetu iko Temeke, ya kawaida. Baba alikuwa karani kwenye yadi moja ya makontena Kurasini. Alipofariki, mama akaacha kukaa sebuleni. Akitoka chumbani anapitiliza jikoni, anakula huko huko kwenye kigoda. Tulibaki wawili, nyumba kimya mpaka unasikia friji.

Mwaka uliofuata binamu yangu, anashikaga kamera, akaja na ombi. Wanatengeneza sitcom, kipindi cha kuchekesha cha familia, wanatafuta sebule ya familia ya kawaida.

Nilijua mama atakataa. Akasema, "Waje. Mie nipo zangu jikoni."

Wakaja. Wakafunga taa kubwa nje ya dirisha, sebuleni ikawa saa kumi jioni muda wote. Mvua inanyesha, nje kumefunga wingu, ndani saa kumi jioni.

Nilikuwaga naamka, nafungua mlango wa chumba, nakuta familia nyingine kwetu. Baba, mama na binti wanagombania rimoti. Nasimama pale usingizi haujaisha, najiona kama mgeni. Siku moja yule binti akasogea kwenye kochi kunipa nafasi, akaniambia, "Karibu braza." Nyumbani kwetu!

Vichekesho kwenye script vilikuwa kibao. Kusema kweli, mie nilikuwa sicheki.

Sasa ikafika scene ambayo binti anamwambia baba yake kwamba amegongesha bodaboda ya jirani ukutani. Muigizaji wa baba, mzee mmoja mpole tukimwita Mzee Kibwana, anatakiwa afoke. Akafoka. Wakarudia, wakarudia tena. Dairekta, kijana tu, haridhiki.

Mara mama akatokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Samahani wanangu. Baba wa humu ndani huwa hafoki."

Niliona aibu, wakuu. Dairekta akauliza taratibu, "Anafanyaje, mama?"

Mama akaingia sebuleni. Akakaa kwenye kochi. Akavua miwani ambayo hana, akaifuta kwa pindo la kanga, akatazama dari. Muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa. Chai ipo?"

Yule alikuwa baba yangu. Mzima mzima.

Jamaa wa sauti alicheka mpaka akavua headphone. Mzee Kibwana akamsogelea mama. "Dada yangu, nifundishe tena."

Mama akamwelekeza: "Usiharakishe. Mwache mtoto aogope kwanza."

Baadaye nikamkuta jikoni anajifuta machozi.

"Sauti yake imeanza kunipotea, mwanangu," akasema. "Kunyamaza kwake ndiko nakukumbuka vizuri."

Tangu siku ile akawa anakaa nao sebuleni kila wakishuti. Walipomaliza wakabeba taa yao, yeye akaendelea kukaa. Kipindi kikaenda hewani, na ile "Chai ipo?" ya Mzee Kibwana ikiwemo.

Mwezi uliopita nilikuwa soko la Mabibo nanunua ndizi kwa muuzaji mmoja anayeuza na nyanya. Mama wa meza ya jirani akapiga kelele, tenga la nyanya la muuzaji wangu limepinduka, zote chini. Yule muuzaji, mtu asiyemjua baba yangu hata kwa picha, akatazama juu. Akanyamaza. Halafu: "Sawa. Chai ipo?"

Meza zote zikacheka. Mie nimeshika ndizi zangu, siwezi hata kusogea.

Nilichojifunza ni kwamba vichekesho vya script karibu vyote nimeshavisahau. Kinachobaki kwa watu ni mtu mwenyewe, anavyokaa, anavyochelewa kujibu, mpaka unasema huyu mbona namjua.

Jioni nikamsimulia mama. Alikuwa anakunja nguo, akasimamisha mikono. Akauliza kitu kimoja tu.

"Alinyamaza vya kutosha?"

Nikamwambia, vya kutosha kabisa.

Haya, nyie je? Kwenye vipindi vya kuchekesha mlivyowahi kupenda, ni nani hajatoka kichwani mpaka leo, na anawakumbusha nani? Andikeni hapa chini, nasoma zote.