Maonyesho ya Visogo

Nilipokuwa fundi wa mabango sikuwa na matatizo na nyuso. Nilipaka vichwa kwenye kuta za vinyozi, kuanzia Rubondo, zoni yetu ndani ya kambi ya Nakivale, Uganda, mpaka senta ya Kabingo, na kila kichwa nilikipa tabasamu, hata pale mwenye kibanda alipokuwa mtu wa kununa. Kisha, karibu mwaka 2012, shirika moja likaja kutafuta msanii mkimbizi. Asubuhi nilikuwa fundi. Chai haijapoa, nikawa msanii mkimbizi.

Shirika lilimtuma binti mmoja kutoka Ulaya, mpole mpaka unamwonea huruma. Alitaka michoro ya watoto wetu itundikwe kwenye ukumbi wa hoteli Mbarara, na mmoja uingie gazetini, ili watu waione vita kwa macho ya mtoto. Nikakubali. Mkono mtupu haulambwi, na yeye alikuja na makopo ya rangi. Ndipo akatoa sharti lake: uso wa mtoto yeyote usionekane, kwa usalama wake. Nilimuuliza mkalimani kama nimesikia vizuri. Vita kwa macho ya mtoto, na macho yenyewe yasiwemo.

"Anasema upake migongo na visogo," mkalimani akanijibu, bila kucheka. Alikuwa analipwa asicheke.

Watu wa Rubondo hawakuambiwa sharti. Walisikia neno picha tu, na picha kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, ni jambo la kuogea. Unapakwa mafuta mpaka unang'aa, unavaa nguo za kanisani, unasimama wima bila kupepesa, na miguu yote miwili lazima ionekane, maana picha isiyo na miguu ni ya mtu aliyekatwa. Watoto wakaja wamepangwa kama kwaya ya Pasaka. Gauni moja la waridi lilivaliwa na wasichana wote kwa zamu: aliyemaliza analivua nyuma ya choo, anayefuata analivaa likiwa bado na joto. Binti wa shirika alipoona hivyo alitaka kulia. Rangi alizoniletea zilikuwa kijivu na nyeusi.

Nilipowageuza watoto wanipe kisogo, akina mama wakanijia juu. Anayefichwa uso gazetini ni mwizi, walisema.

"Batoto betu baliiba nini, fundi?"

Aliyeumia kuliko wote alikuwa mama mmoja mzee, jirani yangu, aliyekuwa akimlea mjukuu wake wa kike. Mama wa mtoto huyo alikwenda sokoni kuuza unga wa muhogo siku ambayo risasi zilianza. Mama mzee akakimbia na mjukuu mgongoni kuelekea upande mmoja, na binti yake, kama alipona, akakimbilia upande mwingine. Tangu hapo hakuna habari. Aliposikia michoro itaingia gazetini, mama mzee alizunguka zoni nzima akitangaza kwamba sikio halilali na njaa, na kwamba popote alipo binti yake, gazeti litamfikia. Sasa alikuwa amenishika mkono wa shati.

"Weye fundi, mama yake atamujua namna gani? Atamujulia kisogo?"

Nilijibu kwa hasira. "Mama, ndivyo nilivyoambiwa."

"Umeambiwa. Basi huyu wangu, umupake kesho."

Kesho yake alimleta mtoto amesukwa kwa uzi mweusi. Mistari ilitoka nyuma ya masikio, ikazunguka, ikakutana kisogoni kwenye fundo moja lililochomoza.

"Hii musuko ni ya mama yake," akasema. "Aliibuni yeye mwenyewe. Kivu yote hakuna mwingine anasuka hivi. Paka kila uzi."

Nikapaka kila uzi. Sijawahi kupaka uso kwa uangalifu ule. Akina mama wengine nao hawakukubali kupitwa, na waliobaki wote waliletwa na vichwa vya arusi, wavulana kwa wasichana. Mwandishi wa habari aliyefuatana na binti wa shirika akachukua kazi ya kuwazuia watoto kucheka. Mimi napaka visogo, yeye anapita akisema, "Waambie wasicheke." Watoto wakajitahidi mpaka mabega yakawatetemeka, nami nikayapaka yalivyotetemeka. Baadaye pale hotelini watu walisimama mbele ya mabega hayo na kunong'onezana kwamba mtoto analia.

Kisha mwandishi akaomba moshi. Mjukuu wa mama mzee alikuwa ameelekezwa jikoni kwao, na maharage yalikuwa motoni, kwa hiyo nilipaka moshi wa maharage.

Michoro ilipotundikwa Mbarara, ungedhani darasa zima linataka kupenya ukutani. Mgeni rasmi alikuwa afande kutoka kambi ya jeshi, aliyekuja na mke wake. Alipita mikono nyuma, akatazama kisogo baada ya kisogo, na mwishowe akainua fremu moja na kuchungulia upande wa pili.

"Sura iko wapi?" akaniuliza. "Mimi nataka ona sura."

"Iko mbele, afande."

"Sasa hapa si ndiyo mbele?"

"Hapana, afande. Hapa ni nyuma."

Akairudisha fremu taratibu, kama mtu aliyekuta mtego. Binti wa shirika akaeleza kwamba mistari ile ya nywele ni njia za wakimbizi wakivuka mipaka. Afande akasema jeshi linajua njia zote, na hizo hazimo kwenye ramani. Mke wake hakuwasikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya msichana wetu, akifuata uzi kwa kidole, na alitaka kujua jambo moja tu: nani amesuka.

Gazeti likatoka, na mchoro uliochaguliwa ulikuwa huohuo. Chini yake waliandika kwamba kijiji kinateketea mbele ya mtoto, naye hana pa kukimbilia. Maharage yale niliyala mimi mwenyewe, na hata hayakuungua! Nilitaka kupanda gari niende kugombana na mtu, yeyote. Mama mzee akanizuia. Yeye maneno hakuyajali, alijali uzi, na uzi ulionekana wote. Akaubandika ukurasa mlangoni, akaanza kufagia uwanja kila asubuhi kama mtu anayengoja mgeni.

Mgeni wa kwanza alikuwa mke wa afande. Gari la jeshi lilipoingia Rubondo nusu ya zoni ilikimbilia migombani, na mchungaji mmoja alikatisha maombi kabla ya amina. Kumbe amekuja kusukwa. Mama mzee alimkatalia ule msuko wa binti yake, akamsuka mwingine wa kawaida, na mke wa afande akarudi Mbarara akiamini amepata wa kwenye gazeti.

Miezi ikapita. Mchana mmoja, nikiwa napaka dirisha la jirani, alitokea mwanamke nisiyemjua, mwenye vumbi la safari ndefu. Alikuwa ametoka kambi nyingine, kaskazini, na mkononi alishika kipande cha gazeti alichofungiwa chapati, chenye mchoro wetu na jina la kambi. Mjukuu wa mama mzee alikuwa amechuchumaa uwanjani kwao akisugua sufuria, kisogo kikielekea njia, nywele zilezile, maana bibi yake hakumsuka namna nyingine tangu siku ile. Mwanamke alisimama. Mfuko ukamponyoka. Akaita jina, na halikuwa jina la mtoto wetu, lakini mtoto aligeuka.

Mwanamke akauona uso.

Mama mzee alitoka ndani mbio, akamtazama mgeni, na yeye pia akakuta uso ambao si wa binti yake. Nilishuka kwenye ngazi, nikabaki nimeshika brashi. Na hapo, badala ya kulia, wakaanza kugombana.

"Hii musuko ni ya mutoto wangu!" mama mzee akafoka.

"Ni ya mama yangu! Alinifundisha yeye, na mimi nikasuka mutoto wangu, ule alipotea."

"Uongo!"

"Uongo gani, mama? Nimepanda mabasi mingi juu ya hii musuko!"

Walibishana uzi kwa uzi, kila mmoja akimgeuza mtoto kichwa kuonyesha ushahidi, mpaka sauti zikawakauka na wote wawili wakaketi chini kwenye vumbi. Mama mzee ndiye aliyeinuka kwanza, akaleta maji ya kunawa na sahani ya ugali.

Moyo uliniuma, na nikiumia huwa naongea. Nikamwambia yule mwanamke pole, dada, mimi ndiye niliyepaka, nilikatazwa uso. Kama wangeniacha nipake uso, angejua palepale kwamba si wake, asingesafiri bure.

Alinawa mikono polepole bila kunitazama.

"Ungepaka uso, singekuja," akasema. "Usiseme bure, fundi. Kutoka kule mpaka hapa, njia yote, nilikuwa na mutoto."