Mche Haushukuriwi

Juzi mke wa mjukuu wangu alikuja kuchukua miche ya nyanya. Nilimng'olea pamoja na udongo wake, nikaifunga katika jani la mgomba. Akasema, "Aksanti sana, Koko."

Nikafoka. Watoto wakacheka: "Koko iko na kasirani juu ya aksanti!" Wacheke. Wewe kaa kidogo, nikueleze.

Huko Masisi, wakati wa Wabelgiji, nilipokuwa msichana mdogo, bibi yangu aliotesha tumbaku. Mbegu ya tumbaku ni vumbi. Ukipiga chafya, imekwenda. Basi aliichanganya na majivu, akainyunyiza mahali palipokuwa pakilala ng'ombe, akaifunika kwa majani ya kangaga. Maji hatukumwaga. Tulichovya ufagio tukaukung'uta, yakaanguka laini kama ukungu wa asubuhi. Miche ilipoanza kusimama, tulipunguza kangaga kidogo kidogo, ili izoee jua. "Mutoto wa kufunikwa sana anakuwa mulegevu," alisema bibi, akinitazama mimi.

Ikifika majani manne, majirani walikuja kuchukua. Hakuna aliyenunua, na hakuna aliyeshukuru. Ukisema aksanti, umefunga jambo; wazee walisema hata mche wenyewe hufa. Kwetu halikufungwa: ukipewa mche, baada ya mavuno ulirudisha mbegu. Mvua ya mawe ikipiga shamba letu, mbegu yetu ilikuwa salama kwa jirani. Na tumbaku hiyo ilishuka mpaka Walikale, kwenye michikichi, ikarudi mawese ya chungu chetu.

Mwaka mmoja akaja moniteri, msimamizi wa mazao ya lazima, kijana wa vilima vyetu hivyo hivyo.

"Mama, udongo muzuri njo huu. Ngoa hii takataka, utie pareto ya muzungu."

"Takataka?" akauliza jirani yetu. "Na baba yako anavutaka nini mu kiko? Majani ya maboga?"

Moniteri hakucheka. "Kungoa ao gereza. Muchague." Na nyumba zote za mlima ziliamriwa vivyo hivyo.

Bibi aling'oa mwenyewe, mche mmoja mmoja, na udongo wake, kana kwamba anaigawa. Hakuna aliyeruhusiwa kuipokea. Ikakauka juu ya jiwe, mbele ya macho yetu, ikinuka majani mabichi.

Kisha akaotesha pareto yao, kwa majivu yale yale na kangaga ile ile. Nilitamani aiharibu. Mikono yake haikujua kuotesha vibaya. Miche ikasimama, minene, na mzungu mwenye shamba la pareto akaja kuiangalia, akafurahi, akasema, "Aksanti, mama."

Jirani akaniminya bega. "Umesikia? Ameshukuru. Sasa itakufa."

Nikaingoja ife. Kila asubuhi, kabla ya kuteka maji, nilikwenda kuitazama. Haikufa. Ilichanua nyeupe mlima mzima, na chungu chetu cha mawese kikakaa kikavu. Mbegu ya tumbaku ile sijaiona tena kwa mtu yeyote. Leo mlima wenyewe ni malisho yenye uzio, na hasira yangu haina hata mahali pa kusimama.

Hayo niliwaeleza na wao siku ile. Mke wa mjukuu akashika furushi lake.

"Basi niseme nini, Koko?"

"Usiseme kitu. Acha tunda moja liive mpaka lianguke. Uniletee mbegu."