Mwaka Tuliosema Kiswahili Jikoni

Jiko letu lilijulikana kwa kelele. Mwiko ukigonga chungu, kuni mbichi zikilia motoni, na juu ya hayo yote sauti za mama na bibi wakizungumza Kihehe bila kupumzika, mmoja akidakia maneno ya mwenzake. Tuliishi kwenye vilima vya Iringa, upande wa barabara iendayo Idodi, na mtu aliyekuja kwetu aliwasikia kabla ya kuona moshi. Ndiyo maana siwezi kuusahau mwaka ule wa miaka ya hamsini ambapo jiko lile lilinyamaza.

Nilikuwa darasa la nne. Mtihani wa mwisho wa mwaka ndio ulioamua nani aendelee na shule ya kati na nani arudi shambani. Kaka yangu alikuwa ameshaanguka, na baba hakutaka kuliona jambo hilo mara ya pili. Akaenda kumwona mwalimu wetu, Mnyakyusa mpole aliyetoka huko Mbeya. Mwalimu akamwambia, "Hesabu Paulina anajua, mzee. Kiswahili ndicho kitakachomwangusha. Insha zake ni fupi mno. Nyumbani mnazungumza lugha gani?"

"Yetu," baba akajibu.

Jioni hiyo alitukusanya jikoni. Yeye alikuwa amefanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu pale Iringa mjini, na Kiswahili alikimudu. "Kuanzia leo, humu ndani ni Kiswahili tu," akasema, "mpaka mtihani wa Paulina upite."

Bibi, mama yake baba, hakujua Kiswahili hata kidogo. Baba alipomfafanulia, akajibu kwa Kihehe kwamba basi yeye hana la kusema, akavuta kigoda chake hadi mlangoni. Tangu siku hiyo aliongea na kuku. Aliwaeleza kwa Kihehe kwamba chumvi imezidi, kwamba mjukuu wake amekonda kwa kusoma, na kuku wakamsikiliza kwa adabu yote.

Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, cha kuuliza bei na kuaga. Siku za kwanza alinionyesha vitu kwa kidole. "Leta ile. Hapana ile. Ile ya maji." Kimya kilichofuata kilinitia hofu kuliko mtihani wenyewe, kwa sababu nilijua kimeletwa na mimi. Nilikula nikitazama chini, nikijiuliza itakuwaje nikianguka baada ya kuwafunga watu midomo kiasi hiki.

Ndipo jioni moja, tukichambua maharage, mama akaanza mwenyewe. "Mimi mtoto, fisi alikuja kwetu. Alikuja kwa mbuzi. Pole pole." Akasimama, akatafuta neno hewani. "Paulina, akija hivi, watu hapana sikia, unasema nini?"

"Kunyemelea, mama."

"Haya. Fisi alinyemelea mbuzi." Akacheka, nami nikacheka, na baba aliyekuwa nje akakohoa kuficha kicheko chake.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila jioni mama alianza hadithi ya maisha yake na kukwama katikati, nami nikampa neno. Nisilolijua nililibeba hadi shuleni, nikamuuliza mwalimu, nikarudi nalo. Alikosea sana, mbele ya bintiye na mbele ya mumewe, na kesho yake akaendelea.

Siku ya mtihani mwalimu aliandika ubaoni kichwa cha insha: kazi za nyumbani kwetu. Nikasikia kama mama ananiuliza, unasema nini, nikaanza kumjibu kwa kalamu. Nilijaza ukurasa, nikageuza.

Majibu yalipofika, mvua zilikuwa zimekolea. Mwalimu alikuja mwenyewe, suruali imelowa hadi magotini. "Paulina anaendelea na shule ya kati," akasema. Baba akafungua mdomo amshukuru, na kilichotoka kilikuwa Kihehe kitupu, kirefu, ambacho mwalimu hakukielewa wala hakukikatiza. Mimi nilikaa chini palepale kwenye tope. Bibi akanyanyuka kigodani na kuanza kusema yote aliyokuwa ameyaweka moyoni. Alisema hadi giza likaingia. Sijawahi kupata usingizi mtamu kama wa siku ile.

Mama hakukiacha Kiswahili. Alianza kwenda Iringa mjini peke yake, akibishana na wenye maduka bila kumngoja baba.

Leo naishi Mbeya kwa binti yangu. Mwanawe anajiandaa na mtihani wake wa darasa la nne, ana vitabu vya kutosha na mwalimu wa masomo ya ziada, na nafurahi kwamba mzigo wake ni mwepesi kuliko wangu. Juzi binti yangu aliniuliza bibi yake, yaani mama yangu, ambaye hakukanyaga darasa, alinisaidiaje mimi kufaulu. Nikamwambia alikubali nimsahihishe, kila jioni, mpaka nikajua.