Nilimwambia Hayumo

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hata chai hainishuki. Ilikuwa miaka ile ya vyama vingi, uchaguzi umekaribia, na hapa Pemba watu walikuwa wameshagawana kwa vyama hadi maduka ya kununulia unga. Mimi nilikuwa kijana wa kompyuta katika ofisi moja ndogo ya kumbukumbu, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Vitabu vya zamani vya vizazi vilikuwa vimeshachapwa kwenye faili za XML. Unazijua: kila neno limewekwa ndani ya lebo yake, na lebo huingia ndani ya lebo nyengine kama sufuria zilizopangwa kabatini. Aliyezichapa ni Bi Time, karani wa makamo, naye alichapa kama alivyokuta. Walioandika vitabu vile kila mmoja alikuwa na mtindo wake. Huyu kamweka mtoto chini ya baba, yule chini ya bibi, mwengine kamtia kwenye maelezo ya pembeni kwa kuwa baba kafa. Mimi nilifungua faili tatu tu za mwanzo, nikaona zimefanana, nikaandika programu: ingia kwenye kaya, ingia kwa baba, chukua mtoto. Ikikosa njia hiyo, iandike "Hayumo". Uvivu mtupu, na niliuita utaalamu.

Akaja Mzee Hamadi, mkulima wa Mgogoni, kanzu yake imepigwa pasi. Alitaka cheti cha kuzaliwa apate kitambulisho, kisha ajiandikishe kupiga kura. Nikaandika jina lake, nikabonyeza.

"Jina lako halimo, mzee."

"Mie nimezaliwa hano hano, mwanangu."

"Kompyuta haina chama, mzee. Halimo."

Sijui kwa nini nililitaja neno chama. Angegomba, pengine ningetafuta tena. Hakugomba. Alitabasamu kidogo, akaaga kwa adabu, akatoka.

Wiki kadhaa baadaye, tukinywa chai, nikamtaja kwa Bi Time. Akaweka kikombe chini.

"Hamadi yuno si aliyelelewa na ami yake? Mbona nimemchapa kwa mikono yangu! Wee ulimtafuta unapotaka awepo, hukumtafuta alipo."

Nikaandika upya: usifuate njia, litafute jina popote, hata likiwa ndani kiasi gani, ndipo uulize liko chini ya nani. Mzee Hamadi akatoka mara moja, kwenye maelezo, chini ya ami yake. Na hakutoka peke yake. Wengine niliwakumbuka sura, nao niliwaambia hawamo. Lakini daftari la wapiga kura lilikuwa limeshafungwa.

Nikapanda gari ya Konde, nikashuka Mgogoni, cheti mkononi. Alikisoma taratibu.

"Kama nimo leo, basi na siku ile nilikuwemo."

"Ni makosa yangu, mzee. Nilitafuta vibaya."

"Nenda, mwanangu. Waliokutuma waambie nimepokea."

Hakuna chama wala mtu aliyenituma. Niliapa, na sikuaminiwa, wala sikustahili kuaminiwa. Uchaguzi uliofuata haukumkuta hai. Watoto wake mpaka leo wakiniona msikitini huniamkia, kisha huhama safu.

Sasa na wewe umepewa faili zilizoandikwa na mikono mingi. Usiziamini tatu za mwanzo. Zifungue nyingi, hasa zilizokaa vibaya. Mtafute mtu kwa jina lake kabla ya kumtafuta kwa njia uliyoibuni, na programu yako isipoona kitu, iandike "sijaona", isiandike "hayumo". Kisha inuka kitini, ukamuulize aliyechapa. Kwangu mimi, Bi Time alikaa meza ya pili tu kutoka yangu, na sikumuuliza.

Mola akupe subira ya kutazama mara mbili, na akuepushe na kumpelekea mtu haki yake wakati haimfai tena. Amin.