Ujumbe kwa Wanaoacha Vikapu

Katika duka letu la mtandaoni kila kitambaa kimeshikwa na mkono uleule. Ni mkono wa msichana aliyefanya kazi nasi kabla hajahamia Dilolo. Mimi nilipiga picha. Yeye alikunjua liputa, akalilaza juu ya mkono wake wa kushoto ili rangi ionekane vizuri kwenye jua. Ana alama ya kuungua kwa pasi ya makaa karibu na kidole gumba, na alama hiyo iko kwenye picha zote. Wateja walituandikia kuuliza bei, na wengine wakauliza mkono huo ni wa nani. Sikujua namna ya kujibu swali la pili kwa ufupi. Nilijibu bei tu.

Duka ni la mama mmoja wa Dilala, hapa Kolwezi. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na yeye ana meza ya maputa, vitambaa vya kujifunga na kushonesha, karibu na nyumba za zamani za kampuni. Mtoto wake wa kwanza, anayesoma Lubumbashi, ndiye aliyemfungulia duka la kwenye simu. Mimi nilimaliza shule ya msingi, nikaishia hapo. Nilikuwa nikifunga mizigo na kuwapa watu wa pikipiki wapeleke. Naandika polepole, na mbele za watu nasema machache kuliko ninayoandika.

Msichana aliondoka kwa sababu shangazi yake wa Dilolo aliumwa miguu na hakuwa na mtu wa kumsaidia biashara ya mpakani. Alipanda lori asubuhi. Nilimfungia mizigo yake kwa kamba. Nikamwambia, "Safari njema."

"Njo vile tu?" akauliza kutoka juu ya lori, yaani ndivyo hivyo tu?

Nikaikaza kamba ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Baadaye mama alianza kulalamika kuhusu vikapu. Watu waliingia dukani kwa simu zao, wakachagua maputa, wakayatia kwenye kikapu, halafu wakapotea bila kununua.

"Banajaza, banaenda," alisema. "Ni kama batu ya kanisa. Banaimba muzuri, na kabla ya matoleo banatoka inje."

Mtoto wake akatuma maelezo kwa sauti. Alisema duka linaweza kumwandikia lenyewe kila anayeacha kikapu, kwa imeli: ujumbe wa kwanza baada ya saa moja, wa pili kesho yake, wa tatu siku chache baadaye. Mtu anaandika maneno mara moja tu, halafu mashine inayatuma siku zote. "Mumuachie ule petit aandike," alisema, akimaanisha mimi, kijana wao. "Yeye hana haraka."

Nilipofungua ukurasa wa vikapu, cha yule msichana kilikuwamo. Jina lake, Dilolo, liputa moja la kijani lenye picha za feni. Alilitia kikapuni Jumapili, akatoka. Nilikwenda kunywa maji, nikarudi kuangalia tena. Kulikuwa na jambo moja tu nililotaka kujua: alitaka liputa, au alikuwa anatutafuta sisi?

Ningeweza kupiga simu. Mama alikuwa na namba yake. Lakini mimi si mtu wa kupiga simu.

Basi nikaandika ujumbe wa watu wote, na kila neno nililipima kwake. Wa kwanza ulisema: "Uliacha liputa hapa. Bado lipo." Wa pili: "Tumelikunja vizuri. Tunalitunza." Wa tatu ulinisumbua kuliko wote. Niliandika na kufuta, na kila nilichofuta kilikuwa kweli zaidi kuliko nilichobakiza. Mwishoni ulibaki hivi: "Ukiwa mbali, tuambie tu kwamba uko mzima. Liputa litangoja."

Mama alisoma akiwa amesimama, kiberiti mkononi, maana alikuwa anataka kuwasha mbabula, jiko la makaa.

"We petit, uko unauzisha maputa ao uko unaposa?"

"Nauzisha, mama."

"Hii ya tatu, nikiitumia bwana yangu, ataacha kazi yake na kukimbia nyumba." Akasoma tena. "Ikale vile. Batu ya Kolwezi banapenda kubembelezwa. Fungula."

Nikaifungua mashine. Kuanzia hapo kila siku nilimwona kichwani akiwa Dilolo, katikati ya mizigo ya shangazi yake, simu ikilia mfukoni mwa aproni. Nilimwona akifuta mikono kabla ya kusoma. Nilifikiri atajua, kwa sababu maneno yale hayakuwa ya mtu mwenye haraka. Nilipanga vitambaa vibaya. Nilifunga mizigo miwili nikasahau kuandika inaenda wapi. Kikapu chake hakikusogea.

Wa kwanza kujibu alikuja kwa miguu. Alikuwa mwalimu, mteja wetu wa zamani, na alikuwa na hasira.

"Mama, mi nilikimbia? Nilikuibia?"

"Apana, mwalimu. Kuko nini?"

"Mashini yako inaniandikia kama vile niliacha kitu mu njia. Mi sikuacha. Nilisema munibekeye!"

Hapo ndipo nilipoelewa kosa letu. Kwetu, mwanamke akipenda liputa na hana njia ya kulichukua leo, anamwambia mwenye meza, "Unibekeye," niwekee. Mwenye meza analiweka chini, mbali na macho ya wengine, na hamwulizi tena. Kumwuliza ni kumwaibisha. Wateja wetu walikiona kikapu cha kwenye simu wakadhani ni pale chini ya meza. Kwao vikapu vilikuwa ahadi, nasi tulikuwa tunawafuata watu barabarani kuwakumbusha ahadi yao mara tatu.

Mama alikuwa bado anamwomba mwalimu radhi wakati fundi wa simu wa pale njiapanda alipofika, simu yake ameinua juu.

"Mama! Ni nani ananingojea hapa?"

"Nani akungojee weye?"

"Kila siku munaniandikia! Liputa ya manjano, liputa ya samaki, tumekukunjia, tunakutunzia. Mi navaaka maputa?"

Ilichukua muda kumwelewa. Simu mpya haifunguki bila anwani ya imeli. Watu wengi wanaonunua kwake hawana, na wachimbaji wanaotoka mashimoni na vumbi lao wanataka simu ianze kufanya kazi palepale. Basi yeye aliwatilia wote anwani yake. Duka letu lilipouliza anwani, simu zilijaza zenyewe ile ya fundi. Nusu ya Dilala ilikuwa inaandikiwa, na msomaji alikuwa yeye peke yake.

Akasoma ule wa tatu kwa sauti ya mhubiri: "Ukiwa mbali, tuambie tu kwamba uko mzima."

Watu wa pikipiki waliokuwa wakisubiri abiria walipiga kelele. "Tata, uko muzima? Ubaambie basi, roho ibatulie!"

"Niko muzima!" akawajibu. "Niko muzima sana! Sasa muniache!"

Hata mwalimu alicheka. Mimi nilimkaribia fundi nikamwuliza kama yule msichana aliyeenda Dilolo alinunua simu kwake.

"Ule wa mukono? Mi njo nilimuuzishia."

Nikakaa juu ya mzigo. Maneno yangu hayakuwa yamefika Dilolo. Hayakuwa yamevuka hata njiapanda.

Mama aliniagiza nizime ile mashine. Kisha akaamua kila mwenye kikapu apigiwe simu, aulizwe kwa adabu kama tuendelee kumwekea. Akatafuta namba, akaniwekea simu mkononi ikiwa tayari inaita.

"Anza na ya Dilolo," alisema, na akageuka kupanga vitambaa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

"Allô, mama?"

"Si mama. Ni mi."

"Mi nani?"

"Mi wa kupiga picha."

"Eh! Na weye unasemaka mu telefone? Leo mvua itanyesha."

"Uliacha liputa mu kikapu. Ile ya feni. Tukubekeye?"

"Apana, uiuzishe. Huku maputa iko mingi, inapita kila siku."

"Sasa ju ya nini uliibeka?"

Nilisikia lori likirudi nyuma, na watu wakimwelekeza dereva. Likasimama.

"Nilikuwa napita tu," alisema. "Kama vile nilikuwa napita mbele ya meza asubui, kabla ya kuanza kazi."

Nikamwambia kwamba tulimwandikia na kwamba barua zote zilikwenda kwa fundi. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mulisema nini?"

"Maneno ya duka."

"Nani njo aliandika?"

"Ni mi."

"Unisomee."

Mama alikuwapo, mwalimu alikuwapo, fundi alikuwa bado hajaondoka. "Kuko batu hapa," nikasema.

"Sa unitumie kwa sauti," akasema, akakata.

Nilikwenda nyuma ya nyumba ya kampuni, penye kamba za nguo, nikasoma. Pikipiki ikapiga honi katikati, nikafuta. Nikasoma tena, nikakosea neno, nikafuta. Mara ya mwisho nilisoma mpaka kwenye "uko mzima", nikaacha yale ya liputa, kwa kuwa liputa lilikuwa linauzwa. Nikatuma.

Jibu lilikuja jua likiwa linashuka. Mwanzoni ni kelele za soko tu. Mwanamume mmoja anauliza kitu kwa Kireno, naye anamwambia, "Ungoje kwanza." Kisha, karibu sana na simu: "Niko muzima. Na weye?"

Mama akaniita. Liputa la feni lilikuwa limepata mnunuzi, mwenyewe anataka lifike leo. Nikalifunga kwa karatasi, nikaandika anwani herufi kwa herufi, nikampa mtu wa pikipiki. Akaondoka nalo, nami nilikuwa bado sijajibu.